Siku za kwanza Goma, pamoja na wenzetu wa njiani

Maneno yaliyotolewa mbele ya familia zilizohama na viongozi wao

Tunawashukuru kwa kutupa saa hii, maana tunajua wengine wenu mmeacha foleni ya maji ili kuja kusikiliza. Hatukuja na msaada wa kugawa, tuseme hivyo mapema. Tumekuja kuzungumza juu ya siku za kwanza: watu wanapofika Goma pamoja, ni nini kinachowatenganisha.

Goma ni mji wa watalii tangu zamani. Uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ziwa Kivu mbele yake, mlima Nyiragongo wa mita 3,470 nyuma yake, na Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, iko jirani. Mobutu mwenyewe alijiwekea nyumba kando ya ziwa. Katika miaka ya utulivu wageni walifika kwa makundi, marafiki kwa marafiki, wakapelekwa Kibati kuanza kupanda mlima ili waone moto unaochemka kule juu. Hawakupanda peke yao. Walinzi wa hifadhi walitembea nao, wakalala juu pamoja, wakashuka kesho yake pamoja.

Nyinyi mnaijua Kibati kwa sababu nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2008 makumi ya maelfu ya watu waliokimbia vita vya upande wa Rutshuru walijaa palepale kando ya barabara. Kanyaruchinya ikajaa mwaka 2012, ikajaa tena 2022. Njia ni ileile, mlima ni uleule, na nyinyi pia mlikuja na marafiki. Lakini mtalii alipewa mtu wa kumwonyesha njia. Aliyekimbia risasi hapewi, basi aliyefika jana ndiye wa kumwongoza aliyefika leo.

Na kuna mambo ya kumwambia usiku uleule. Anayetoka Walikale, kwenye msitu na joto, atapata baridi hapa. Anayetoka milima ya Masisi atamshangaa, lakini amsaidie na blanketi kwa ajili ya watoto. Ardhi ni mawe ya volkano: kigingi cha shitingi hakiingii, na choo hakichimbiki kwa urahisi. Maji mengi ya mji hutoka ziwani, na kipindupindu kinatujua vizuri tangu 1994. Bidoni ya lita 20 itiwe dawa ya klorini pale inapotolewa, ingoje nusu saa ndipo mtu anywe. Na mazuku, hasa upande wa Mugunga, Bulengo na karibu na ziwa. Hii ni hewa ya sumu inayotoka ardhini, nzito, haionekani, inatulia mashimoni usiku na alfajiri. Mtoto na mbuzi hufa kwanza kwa sababu wako chini. Ukiona kishimo kizuri kisicho na upepo, ndani yake kuna wadudu na ndege waliokufa, usilaze mtu hapo. Wenyeji wanavijua vishimo hivyo. Waulizeni.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika kazi yetu tumeona mara nyingi kundi linafika likiwa limechanganyika. Mama Muhunde amebeba mtoto wa jirani yake Muhutu, kijana Munande anasukuma chukudu yenye magodoro ya wote. Njiani waligawana sombe na viazi, wakapitia vizuizi pamoja, mmoja akimwombea mwingine apite. Wakifika mjini mtu anauliza, "Nyinyi ni kabila gani?" Kufika jioni kundi limekuwa makundi matatu. Kila moja limeenda kwa mkubwa wa kabila lake, kila moja limeandikwa kwenye orodha yake.

Wakubwa wanasema ni kwa ajili ya usalama, na hatuwacheki. Hofu hiyo ina historia. Lakini tazameni kinachofuata. Wiki ya pili habari inafika kwamba kijiji kimechomwa, na kwamba waliochoma ni "wale". Mtu ambaye angesema, "Hapana, nilikuwepo, tulikimbia siku moja na tukaona wenyewe," sasa anakaa kartie nyingine, na hamsalimiani tena. Rafiki wa njiani ni shahidi. Mkimpoteza, mnabaki na simu na uvumi wake.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi: mkiandika watu, waandikeni jinsi walivyofika. Kundi la safari libaki kundi moja, hata kama majina yake ni ya lugha tatu. Kama mtu wa shirika fulani anakuja na karatasi yenye safu ya kabila, mwulizeni kwa heshima anaitaka ya nini. Safu hiyo haijawahi kupika bugali.

Tuseme pia juu ya wenyeji. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 mamlaka ikaamuru sehemu kubwa ya Goma ihamishwe. Mamia ya maelfu walitoka. Wengi walikwenda Sake, kilomita 25 hivi kutoka hapa, wakalala makanisani, shuleni na kwa watu wasiowajua. Mwezi wa pili 2024 vita vilikaribia Sake, na watu wa Sake wakashika njia ileile kuja Goma. Kuna nyumba zilizolipa deni hilo bila kuambiwa. Kuna nyingine zilisahau.

Tangu kambi za pembezoni zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, anayefika mara nyingi hulala sebuleni mwa mtu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Juu ya mawe haya jembe litalima nini? Jembe la Goma ni bidoni na fagio la choo. Choteni maji ya nyumba nzima, msichote yenu tu. Na siku ya kwanza au ya pili, kundi zima liende kwa nyumba kumi na kwa shefu wa avenyu kujitambulisha, wote pamoja, wazee wa kila lugha wakiwa mbele. Jirani akiwaona mmesimama hivyo, atakuwa na swali moja pungufu la kuuliza.

Tunanyamaza hapo. Tungependa kuwasikia kwanza waliofika wiki hii, halafu wenyeji wa avenyu. Na kama kuna watu mliosafiri nao mkaachana hapa mjini, tuambieni mliachana wapi. Tuna daftari, na kesho asubuhi tutaanza kuzunguka.