Jina Lililo Ukingoni: Juu ya Kukusanya na Kutambua Vitu vya Vita Majumbani Mwetu

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Ruiru)



Mimi ni karani tu, na kazi ya karani ni kuandika majina. Leo naomba niseme juu ya majina yaliyokwisha kuandikwa zamani, yaliyomo majumbani mwetu, nasi hatuyasomi.

Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, ndani ya kasha la nyanya yangu mlikuwa na nishani ya fedha, ya mviringo, iliyokwisha kupoteza utepe na kishikio chake. Ilikuwa ya baba wa babu yangu, aliyekuwa askari wa Keya katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mimi na binamu yangu tuliichukua tukaifanya gurudumu, tukawa tukishindana kuiviringisha juu ya saruji. Nami, ili ipate kwenda sawasawa, niliisugua ukingo wake kwa jiwe hata ukawa laini.

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kumaliza masomo ya sekondari katika shule ya misheni, mzee mmoja aliyekuwa askari aliishika nishani ile, akaigeuza upande, akaniuliza, "Kijana, ni nani aliyelifuta jina?" Ndipo nilipojua nililolitenda. Zimebaki tarakimu tatu za namba yake na herufi za kikosi. Picha yake hatuna, na kaburi lake hatulijui. Mahali pamoja ambapo jina lake lilichorwa lisisahaulike, ndipo nilipolifuta mimi mjukuu wake kwa mchezo.

Ndugu zangu, jambo hili si dogo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliofia utumishi wa majeshi ya Dola ya Uingereza katika vita vile, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wachukuzi, wale ambao mtaa wa Kariokor, Nairobi, umepewa jina lao. Katika Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928, na maandishi yake yaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la baba aliyekufa. Lakini sanamu zenyewe hazina jina la mtu hata mmoja. Basi kama jina halimo katika jiwe la mjini, huenda limo katika kasha la nyumbani.

Sasa niseme namna ya kutambua. Nishani ya fedha ya vita vya 1914 hadi 1918 ina kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja, na mtu uchi aliyepanda farasi upande wa pili. Mwenzake ni nishani ya ushindi, ya rangi ya shaba, yenye umbo la mtu mwenye mabawa, na utepe wake una rangi kama za upinde wa mvua. Hizi zote mbili usizitazame usoni tu. Zitazame ukingoni, kwa maana ndipo palipoandikwa namba, cheo, jina na kikosi.

Nishani za vita vya 1939 hadi 1945 ni kinyume cha hizo. Waingereza kwa kawaida walizitoa bila jina. Nyingi ni nyota zenye pembe sita, na katikati, kuizunguka alama ya mfalme, limeandikwa jina la nyota. Nyota ya Afrika walipewa pia waliopigana na Wataliani katika Uhabeshi na Somalia, na utepe wake ni wa rangi ya mchanga wa jangwani, wenye mistari ya buluu nzito, nyekundu na buluu hafifu. Nyota ya Bama ni ya waliovuka bahari kwenda kupigana na Wajapani. Utepe wake una nyekundu katikati, na buluu na rangi ya machungwa kila upande. Kama pamoja nayo kuna kipande cha nguo chenye kichwa cha kifaru, basi mwenyewe huenda alikuwa wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944. Kwa kuwa nyota hizi hazina jina, siku mwenye kujua habari zake akifa, nyota hubaki chuma kitupu. Tena nyingi zimeigwa na wafanya biashara, na pasipo habari za nyumbani ni vigumu kuitenga ya kweli na ya bandia.

Si kila kilicho kizee ni cha vita. Wengine huleta kikopo kidogo cha chuma chenye kamba, wakisema ni cha askari. Hicho ni cha kipande, ambacho wanaume wetu walitiwa shingoni kwa sheria tangu miaka ya 1919 na 1920. Nacho kihifadhiwe, lakini kiitwe kwa jina lake. Vilevile mtu akiokota kifungo au beji karibu na Kahawa, asidhani mara moja kwamba ni ya Keya, maana hapo palikuwa na kambi ya Waingereza iliyoitwa Templer, ambayo katika mwaka 1965 iligeuzwa chuo, na leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mahali kitu kilipookotwa ni nusu ya habari zake.

Wazee wangu, nafika mahali pazito, nanyi mnivumilie. Iko nishani nyingine yenye utepe wa manjano, kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani, na juu yake kibao kilichoandikwa "Kenya". Hii ilitolewa kwa ajili ya Hali ya Hatari iliyoanza mwaka 1952, kwa askari wa serikali na baadhi ya homugadi. Najua kwamba katika nyumba za huku imefukiwa, imetupwa chooni, au imefichwa chini ya dari. Na katika nyumba nyingine walificha vitu vya waliokuwa msituni. Pengine nyumba hizo mbili ni za ndugu wa tumbo moja. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, alikuwa kwanza koplo wa Keya huko Bama, kisha akawa kiongozi msituni. Mtu mmoja huwa na habari mbili. Sisemi tusifu wala tulaumu. Nasema kwamba kukihifadhi kitu si kukisifu, na kukifukia si kukifuta. Watoto wataikuta habari hiyo siku moja, na ni heri waipokee kwetu kuliko kuiokota njiani.

Yatupasa basi kushika mambo machache. Usisugue nishani kwa majivu wala mchanga. Usizitenganishe nishani na utepe wake, wala na karatasi ya kuachishwa jeshi. Usiuze kwa wanunuzi wa vyuma kwa kilo, wala kwa mgeni kabla jina halijanakiliwa. Bunduki, hata iwe ya bomba la maji, pamoja na risasi zima na bomu, usiguse wala usiweke nyumbani. Upelekee polisi habari, kwa maana sheria yakataza, na bomu la zamani huua kama jipya.

Mwisho, naomba chama kiniruhusu kufungua daftari moja. Kila mwanachama alete kitu chake, akionyeshe, kisha arudi nacho nyumbani. Sisi tutaandika ni kitu gani, kina maandishi gani, kilikuwa cha nani, kilitoka wapi, na ni nani aliyesimulia. Namba tutakazozipata tutaweza kuzilinganisha na hati zilizomo katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, na zile za Kew, London. Na kazi hii haingoji. Aliyekuwa kijana wa miaka kumi na minane vita vilipokwisha mwaka 1945, alizaliwa mwaka 1927. Hesabuni wenyewe.

Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuuandika. Una tarakimu tatu, herufi za kikosi, na nafasi tupu mahali pa jina. Nawaomba ukurasa wa pili uwe na jina kamili.