Nani Anamlipa Mwalimu?

Wahitimu, katika tambarare hii ya Ruzizi, hapa Kongo, mtoto akiulizwa anasoma wapi hujibu kwa Wakatoliki, kwa Waprotestanti au kwenye ofisieli, yaani shule ya serikali. Zote tatu ni shule za umma. Mwaka 1906 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikubaliana na Vatikani kwamba misheni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Ruzuku ya kikoloni ilikwenda kwa Wakatoliki miaka mingi. Waprotestanti waliipata baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kuanzia 1954 waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Buisseret, akafungulia Waafrika shule za serikali zisizo za dini. Rais Mobutu alizitaifisha shule za makanisa mwaka 1974, kisha tarehe 26 Februari 1977 akayarudishia makanisa usimamizi kwa mkataba. Ndizo hizi tunazoziita za konvansioni.

Mabadiliko hayo yote yalihusu nani anashika ofisi. Lililomgusa mtoto hasa ni nani anamlipa mwalimu. Mishahara ilipodidimia miaka ya 1990, mzazi ndiye aliyebeba mzigo huo kwa "prime", yaani mchango wa kumlipa mwalimu, iwe konvansioni au ofisieli, na mtoto wa asiyelipa alirudishwa nyumbani. Shule ya namna hiyo ilibaki ya umma kwa jina. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilitamka kwamba shule ya msingi ni ya lazima na ya bure. Tulingoja utekelezaji hadi Septemba 2019.

Wapo wanaosema afadhali zamani, kabla ya shule kuwa bure, madarasa hayakufurika. Kufurika ni kweli, na kunamchosha mwalimu na kumnyima mtoto. Lakini watoto hao hawakuzaliwa mwaka 2019: walikuwepo, katika mashamba ya mpunga na mihogo, na hakuna aliyewahesabu kuwa tatizo. Wengine wanataka kanisa liondoke kabisa shuleni. Mimi sioni haja, mradi kila mtoto apokelewe bila kuulizwa dini yake.

Ninachohofia ni walimu tunaowaita NU, wanaofundisha bila kuwa kwenye orodha ya mishahara. Wao wasipolipwa, prime itarudi kwa jina jingine. Ninyi mliosoma pedagojia huenda mkaanza kazi hivyo hivyo. Daini matrikule yenu, yaani namba ya kuingizwa kwenye orodha hiyo, mapema, kwa umoja, na wazazi wawe upande wenu. Na sekondari mnayoimaliza leo bado inalipiwa: wadogo zenu wanaotoka darasa la sita bila minervali, yaani ada ya shule, wanaishia hapo.