LESENI YA MUUGUZI HAINUNULIWI

Hotuba kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Masama



Wapendwa viongozi, vijana wetu waliosomea uuguzi huambiwa kwamba Uingereza kuna kazi. Maneno hayo si uongo. Lakini kati ya cheti cha hapa na wodi ya kule upo mlango mmoja, nao ni leseni. Familia isiyoujua mlango huo yaweza kuuza sehemu ya kihamba kwa ajili ya ahadi tupu. Kwa hiyo jambo hili ni la haki, nasi hatuna budi kulizungumza.

Tuitazame njia yenyewe. Kwanza, muuguzi aliyehitimu Kibosho, Machame, Huruma au KCMC husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Baraza la Uingereza hutaka uthibitisho kutoka kwa Baraza letu lenyewe, wala si kutoka mkononi mwa mwombaji.

Pili, lugha. Katika mtihani wa IELTS hutakiwa alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Wapo wanaodhani kwamba kufundishwa chuoni kwa Kiingereza kunatosha. La hasha! Ili kusamehewa mtihani, mazoezi ya wodini nayo yawe yamefanyika kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, na wagonjwa wetu tunawahudumia kwa Kiswahili. Jirani zetu wa Kenya walitia sahihi mkataba wa wauguzi na Uingereza mwaka 2021. Mwaka huohuo Waziri wao wa Afya alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10 tu.

Tatu, mtihani wa kompyuta, wenye hesabu za dawa na maarifa ya uuguzi. Nne, mtihani wa vitendo, unaofanyika Uingereza kwenyewe katika vituo 10, mbele ya watahini. Mpaka afaulu na kuandikwa katika daftari la Baraza, mtu huyo si muuguzi kisheria huko, hata kama hapa aliongoza wodi miaka kumi. Atafanya kazi za msaidizi tu.

Basi, wapendwa, wakala anayesema "nitakupatia leseni" anauza kisicho chake. Sheria ya Uingereza hukataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Tena, tangu tarehe 22 Julai 2025 nchi hiyo imefunga njia ya kuajiri watunza wazee moja kwa moja kutoka ng'ambo. Anayeendelea kuiuza nafasi hiyo ni mwongo.

Je, tuwazuie vijana? Hapana. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba mtu ana haki ya kuiacha nchi yake kutafuta maisha bora, ingawa nchi hiyo hupata hasara. Hasara hiyo twaijua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo mataifa mengine yasiende kuwavuta watumishi wake. Orodha hiyo haimfungi muuguzi aombaye mwenyewe. Inazikumbusha serikali, yetu ikiwemo, kwamba muuguzi aliyehitimu akakaa nyumbani bila ajira ni dhuluma kwake na kwa mgonjwa anayemngojea zahanati.

Tunawaomba mfanye mambo matatu. Kila Jumuiya iwatambue wauguzi wake wanaotaka kusafiri, iwahimize kuuliza katika Mabaraza yenyewe na kuhuisha leseni zao. Asiuzwe mti wala shamba kabla ya kuona mkataba na jina la mwajiri. Na kila fedha itolewayo iwe na stakabadhi, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Anayekwenda aende akiwa huru, bila deni la udanganyifu. Anayebaki apewe kazi na ujira wa haki. Mgonjwa wa Masama na mgonjwa wa London wote ni sura ya Mungu.

Mungu awabariki.