Kompyuta Mpya ya Chama: Tuweke Nini Ndani Yake?

(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama na wageni, siku ya kutimiza miaka kumi)



Miaka kumi si mchezo. Tulianza na daftari na sanduku la kufuli tatu, funguo zake zikakaa kwa wanachama watatu ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Leo chama kina kompyuta, na hesabu za hisa, mikopo na marejesho zitaingizwa humo. Wengi mmeniuliza: je, hesabu zetu zitakuwa salama? Jibu langu ni kwamba kompyuta nayo ni sanduku tu. Usalama wake unategemea programu tutakazoweka na kufuli tutakazofunga.

Kwanza ni Windows yenyewe, ile programu inayoendesha kompyuta nzima. Yetu ni Windows 11. Mwenzetu anayetaka kununua iliyotumika aangalie sana, maana msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya kuweka kitu kingine, tuiache ipokee masahihisho yote kwa intaneti, hata kama itakula bando. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia kompyuta za nchi 150 hivi, kikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 ili yafunguliwe. Hata hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Na sahihisho la kuziba tundu hilo lilikuwa limetolewa tangu Machi mwaka huohuo!

Pili ni kinga ya virusi. Windows 11 inakuja nayo, inaitwa Microsoft Defender, wala hailipiwi. Tuiache ikifanya kazi. Akija mtu kutuuzia nyingine, tumwambie ahsante.

Tatu ni programu ya hesabu, na hapa ndipo penye mtego. Kompyuta nyingi mpya huja na Microsoft 365 ya majaribio. Muda ukiisha, faili lako utalisoma, lakini kuandika humo huwezi mpaka ulipie. Na mitaani wapo wanaokuwekea ile ya wizi kwa bei ya soda. Jamani, tusikubali. Mara nyingi wakiiweka hiyo huzima kinga ya virusi kwanza. Hapo umemfungulia mwizi mlango na chai umemwandalia.

Ipo LibreOffice, ya bure na ya halali. Ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 ikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo si mgeni kabisa kwetu. Ndani yake mna Calc: kila mwanachama mstari wake, hisa, mkopo, marejesho na baki. Ukirekebisha tarakimu moja, jumla inajirekebisha yenyewe. Ichukuliwe libreoffice.org tu, si penginepo. Ni zaidi ya megabaiti 300.

Nne ni kivinjari cha intaneti. Edge imo tayari, na anayependa Firefox ni bure pia; zote mbili husoma nyaraka za PDF. Tukiongeza VLC ya kutazama video za mafunzo, basi, yatosha. Kila programu ya ziada ni mlango wa ziada.

Sasa kufuli zetu tatu. Ya kwanza ni neno la siri la kompyuta. Ya pili ni neno la siri la faili la hesabu. Hilo likisahaulika, tusitegemee fundi wa kulifungua. Liandikwe kwenye karatasi, bahasha ifungwe, ikae ndani ya sanduku letu lilelile. Ya tatu ni nakala. Kila baada ya kikao, faili linakiliwe kwenye flashi mbili, moja kwa Mwenyekiti, moja kwa Mweka Hazina. Zisiachwe zimechomekwa, maana kirusi kikiingia kitafunga na hizo. Kompyuta ikiibiwa tutanunua nyingine. Hesabu za miaka kumi haziuzwi dukani.

Mwisho, akina mama, daftari lisistaafu. Kila kikao ukurasa uchapwe, usomwe kwa sauti, utiwe sahihi. Mama asiyejua kubonyeza hata kitufe kimoja ana haki ya kusikia hisa yake ikitajwa mbele ya wenzake. Mashine hii isije ikawa siri ya wawili watatu. Naomba kikao kijacho tuchague wanne wa kujifunza, vijana wawili na wazee wawili, na mimi nitakuwa tayari kuwaelekeza kila Jumamosi.