Jina na Kazi: Vyombo vya Jikoni na Msamiati wa Kiswahili Mwanza

1.0 Utangulizi

Msamiati wa jikoni mara nyingi huhesabiwa kuwa jambo dogo, lisilostahili kushughulikiwa na wanaisimu. Hata hivyo, maneno yanayoambatana na kupika na kula hutumika kila siku. Mhadhara huu unachunguza vyombo anavyovipenda na kuvitumia kila siku mpishi wa nyumbani jijini Mwanza na katika mwambao wa Ziwa Viktoria, ili kuonyesha namna jina la chombo linavyoishi na namna linavyoweza kufa.

Inafahamika kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930. Kwa hiyo jiko lililotangulia kuingia kamusini ni jiko la pwani: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, upawa wa kifuu, seredani ya makaa. Kando ya ziwa, ambako nazi hufika kwa kusafirishwa, vyombo hivyo si uti wa mgongo wa mapishi. Huko mpishi hutegemea mwiko, ungo, sufuria, jiko la mkaa na, katika miongo ya karibuni, hotipoti na jiko la gesi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jina la chombo halihifadhiwi na umbo lake wala na kitu kilichotumika kukitengeneza. Huhifadhiwa na kazi, yaani kitenzi kinachofuatana nalo.

2.0 Chombo kinapobadilika

Neno sufuria lina uhusiano na sufuri, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu shaba. Sufuria nyingi zinazouzwa leo katika masoko ya Mwanza ni za alumini, wala hakuna mnunuzi anayeona kasoro katika jina hilo. Kwa kuwa kazi ya kuchemsha na kupikia haikubadilika, jina nalo halikubadilika.

Kinu kimekwenda mbali zaidi. Mashine za kusaga zimepunguza sana kutwanga nafaka majumbani, lakini neno limepanda cheo: husemwa kinu cha kukoboa mpunga na hata kinu cha nyuklia. Nyungu nayo, iliyokuwa ikififia vinywani mwa vijana wengi wa mjini, ilirejea kwa kishindo mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19, pale watu walipozungumzia kupiga nyungu kwa maana ya kujifukiza.

Vyombo vipya hupata majina kwa njia mbili. Hotipoti ni neno la mkopo lililovalishwa irabu za Kiswahili. Chupa ya chai, kwa upande wake, imeundwa kwa maneno yaliyokwishakuwapo, na kigezo cha kuiita hivyo ni kile inachohifadhi. Hakuna kikao kilichohitajika ili mpishi aelewane na mwenzake.

3.0 Chombo kimoja, vitenzi vingi

Mwiko ni mfano bora. Kwa mwiko huohuo uji hukorogwa, ugali wa mahindi au wa muhogo husongwa, kisha hupakuliwa. Mpishi hasemi amekoroga ugali akikusudia kwamba amekwisha kuusonga; kitenzi humjulisha msikilizaji hatua ya pishi na uzito wa kinachopikwa.

Ungo unatoa ushahidi mwingine. Dagaa wanaonunuliwa katika soko la Kirumba Mwaloni huwa wamekaushwa juani, na wale walioanikwa mchangani hubaki na chembe za mchanga. Mpishi huwatia unguni, akawapepeta na kuwachambua kabla ya kuwaosha. Kitenzi kupepeta, ambacho wengi hukihusisha na nafaka, hapa kinamhusu samaki. Kamusi inayotaja nafaka pekee itakuwa imeacha nje matumizi ya kila siku ya kaya nyingi za kanda ya ziwa.

4.0 Mafiga na mustakabali wake

Suala lenye uzito zaidi ni la mafiga, mawe matatu yanayobeba chungu juu ya moto. Pwani husemwa pia jifya na mafya. Ng'ambo ya ziwa, Waganda husema amasiga, na neno hilohilo hutaja matawi ya ukoo. Tanzania nayo imeyatia mafiga katika siasa: wapiga kura wamewahi kuombwa wachague mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani wa chama kimoja.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo mwaka 2034. Hili ni jema kwa mapafu ya wapishi na kwa misitu, na mwanaisimu hana sababu ya kuulilia moshi. Lakini mtoto wa Mwanza anayekulia kwenye jiko la gesi atawezaje kuelewa kwamba figa moja haliinjiki chungu? Nomino mafiga imekwishapata kazi nyingine. Kitenzi kuinjika bado hakijapata. Kinachosikika zaidi jikoni sasa ni jozi ya kubandika na kubandua.

5.0 Hitimisho

Imezoeleka kwamba mkusanyaji wa msamiati huelekeza kidole kwenye chombo na kuuliza kinaitwaje. Swali hilo halitoshi. Yafaa aulize pia kinafanya nini, na mpishi husema nini anapokitumia. Mwanafunzi anayerudi nyumbani likizo ana nafasi ya kuyaandika hayo kutoka kwa mama, shangazi au bibi aliye na mwiko mkononi, angali akiinjika, akisonga na kuipua. Chombo chenyewe kinaweza kuhifadhiwa katika makumbusho, lakini kitenzi hakina mahali pa kuhifadhiwa ila katika usemaji wa watu na katika kamusi iliyowasikiliza.