Pilipili Manga, Gome la Muthiga na Antibayotiki

Leo tuzungumzie dawa za miti shamba na antibayotiki: je, zikiunganishwa zinaweza kuwashinda bakteria sugu?

Usugu tunaulea wenyewe. Mtoto ana jipu, mzazi ananunua vidonge vinne dukani bila kuandikiwa na daktari. Ng'ombe akivimba kiwele, anadungwa dawa ya agroveti kwa kukisia. Bakteria dhaifu wanakufa, wale sugu wanabaki na kuzaana. Mwaka 2019, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kutokana na maambukizi ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara iliumia kuliko kwingine.

Tumtazame bakteria mmoja, stafilokokasi, anayeleta majipu. Kwenye utando wake ana pampu ndogo mno. Dawa ikiingia, anaisukuma nje kabla haijamdhuru. Sasa pilipili manga, hii hii ya kwenye chai, ina kemikali iitwayo piperini. Peke yake haimuui bakteria huyo. Lakini watafiti walipoichanganya maabara na antibayotiki ya siprofloksasini, pampu ilizibwa, na dawa kidogo ikafanya kazi iliyokuwa ikihitaji dawa nyingi. Hilo ndilo linalonipa matumaini: antibayotiki za zamani huenda zikapata nguvu upya.

Kwetu Kenya tuna muthiga, ambao wataalamu huuita Warburgia ugandensis. Gome lake linawasha ulimi, na wazee hulitafuna wakiwa na kikohozi. Maabara imethibitisha kwamba lina kemikali zinazoua bakteria. Tafadhali, ukichuna gome usizungushe shina lote, mti utakauka.

Mmea na dawa nyingine kushirikiana si jambo geni. Malaria hailetwi na bakteria, lakini vidonge vya kuitibu viitwavyo AL, ambavyo Kenya ilivichagua mwaka 2004, vina dawa iliyotokana na mmea wa artemisia wa China pamoja na lumefantrini.

Hata hivyo, usichanganye mwenyewe nyumbani. Piperini nyingi huchelewesha ini kuvunja baadhi ya dawa, zikazidi mwilini. Na kilichofaulu maabara bado hakijawa tiba ya mgonjwa.

Kama unatumia miti shamba, mwambie daktari kabla hajakuandikia antibayotiki, kisha umeze jinsi ulivyoelekezwa. Nawe mfugaji, maziwa ya ng'ombe aliyedungwa usiyauze kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa hazijaisha.