Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwa watoto wa wanachama waliomaliza Kidato cha Nne, katika ukumbi wa Kaloleni)



Vijana wetu, mmemaliza mtihani na matokeo bado hayajatoka. Katika kamati wako waliosema tungoje yatoke ndipo tuwaite. Mimi nilikataa. Nilijua ya kuwa tukingoja, watakaokuja hapa ni wale tu waliopata alama za kwenda chuo kikuu, na wengine watajificha nyumbani, Makongeni, Jericho na Shauri Moyo, wakiona haya. Leo mko sawa wote. Basi nataka mnisikie leo, kabla karatasi haijawagawa mafungu mawili.

Kwanza nawapongeza. Si jambo dogo kusoma miaka minne katika chumba kimoja ambamo wadogo zako wamelala, mama anapika, na redio ya jirani haizimwi. Wala karo haikuanguka kutoka mbinguni. Imetoka katika mshahara wa bawabu, wa makanga, wa mfagizi wa jiji, na katika faida ya mama auzaye mboga Burma. Atakayefaulu na akumbuke hayo, asije akamwonea haya baba yake kwa sababu ya nguo zake za kazi.

Sasa nisemeni na yule anayeogopa. Ninyi nyote mmesikia habari za Tom Mboya. Baba yake alikuwa nyapara katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo. Mboya alisoma Mangu, lakini aliondoka kabla ya mtihani wa mwisho wa Cambridge, kwa kuwa fedha za karo zilikosekana. Hakuketi chini akalia. Alijifunza kazi ya ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji hapa Nairobi. Mkaguzi Mwafrika alikuwa akilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Mboya akawakusanya wenzake, wakaunda chama chao. Usiku alisoma kwa njia ya posta. Mwaka 1955 alikwenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford. Na mwaka 1959 mtu huyu, ambaye mwenyewe alikosa karo, alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, na wengine wengi wakafuata katika miaka iliyokuja. Aliuawa tarehe 5 Julai 1969, akiwa hajafika miaka 39.

Lakini sitaki mseme, "Katibu anatuambia tuwe akina Mboya." Mtu wa namna ile hazaliwi kila mwaka. Nitawaambia habari ya mtu wa kawaida, nayo ni habari yangu mwenyewe.

Matokeo yangu yalipotoka, yalikuwa mabaya. Baba alikunja karatasi, akaitia mfukoni, na kwa muda wa wiki mbili hakusema nami. Ndipo akatokea bwana mmoja aliyejiita wakala, akasema ana nafasi ya ukarani kwa atakayetoa kitu kidogo. Mama aliuza cherehani yake. Bwana yule alichukua fedha, na mpaka leo sijamwona. Cherehani ile ndiyo deni ambalo sijamaliza kulilipa moyoni, ijapokuwa baadaye nilimnunulia mama nyingine.

Nilikwenda Kamukunji kubeba mabati. Mzee mmoja, fundi wa kuunga vyuma, aliniona nikitazama kazi yake, akanipa miwani ya kukinga macho, akasema, "Usitazame moto, tazama chuma." Nilikaa naye miaka mitatu. Kisha nikafanya mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la tatu, baadaye la pili, mwisho la kwanza. Siku nilipopata hilo la kwanza nilimpelekea baba cheti. Hakukikunja. Alikitundika ukutani, na hata leo kiko pale.

Mitihani hiyo ya ufundi ipo hata sasa, chini ya mamlaka ya mafunzo ya viwanda iitwayo NITA, iliyo hapa karibu katika Eneo la Viwanda. Hapo mtu hupimwa hasa kwa kazi ya mikono yake. Nanyi binti zetu, umeme, mabomba na magari si kazi za wanaume peke yao. Chuma hakiulizi kimeshikwa na nani.

Sasa jambo la mwisho, nalo ni la chama. Babu zetu waliokaa Pumwani na Muthurwa walivaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwajiri asipotia sahihi, mtu hakuweza kupata kazi pengine. Walipigana na jambo hilo, wengine wakafungwa, ili ninyi muingie kazini mkiwa watu huru. Basi msiingie mkiwa vipofu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi yapasa iandikiwe mkataba. Inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo hata kufika mwezi mmoja asiendelee kuhesabiwa kuwa kibarua wa siku. Inasema ukiondoka baada ya kufanya kazi majuma manne au zaidi, mwajiri akupe cheti cha kazi. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inakupa haki ya kuingia katika chama cha wafanyakazi. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Ninyi mmesoma miaka kumi na miwili. Somo gani litakufaa zaidi ya hilo?

Na ninyi wazazi, ndugu zangu, nawaomba neno moja. Usiku wa matokeo, mwacheni mtoto ale chakula chake kwanza. Msimlinganishe na mtoto wa jirani. Maneno ya usiku ule hayasahauliki. Mimi nakumbuka mpaka leo jinsi baba alivyonyamaza.

Wahunzi wana methali yao: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo likivunjika, moto bado unawaka na nyundo ipo, na fundi hutafuta koleo jingine. Vijana, mkipata alama nzuri, njoni mtuambie tufurahi pamoja. Mkipata mbaya, njoni vilevile. Ofisi ya tawi hufunguliwa Jumamosi asubuhi, na wako wanachama mafundi walioniahidi kuwachukua wanafunzi wa kazi. Hatutaki kitu kidogo, wala hatutauliza alama. Tutauliza kama uko tayari kuamka mapema.

Umoja ni nguvu.